Historia ya Mwalimu Aliyeng'oa Mlango

Hapana, historia hii ya marehemu haitafupishwa, kwani zile shilingi elfu themanini za mlango wa darasa alikatwa zote kwenye mshahara wa mwezi wa saba 2023, na mwalimu mkuu, aliyemfuata msomaji sasa hivi hapo pembeni kumwomba aruke sehemu ya kazi, eti tusifukue mambo siku ya msiba, akae tu atulie, maana karatasi hii familia imeiandika kwa mkono, na msomaji huyo, mdogo wake marehemu, fundi vyuma asiye na cheti cha kitu chochote, ataisoma yote kama ilivyo.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mwashi na mshonaji, na mama alikuwa akisema huyu alitembea kabla ya kutambaa, kwa kuwa hakuwa na subira ya kukaa chini. Alianza shule ya msingi mwaka 1976, akamaliza sekondari 1986, akapata cheti cha ualimu wa chekechea 1989, na tarehe 8 Januari 1990 akaajiriwa katika shule aliyoitumikia hadi mwisho, chumba cha kwanza kulia ukiingia getini, chenye mikeka mitatu na dirisha lisilofungika.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, mtu wa kuinamia meza kimya kutwa nzima, watu wakacheka kwamba huyo mke atamkanyagia saa zote, lakini walidumu, wakapata mabinti wawili, 1994 na 1998, ambao hawakuwahi kuona boksi la viatu likitupwa nyumbani, kwa sababu kila boksi lilikuwa ukuta na kila kijibomba cha karatasi ya chooni kilikuwa mnara.

Kila muhula wa pili alifundisha ngome, si kwa kuchora ubaoni bali kwa kujenga, watoto wa miaka minne na mitano wakipima kuta kwa viganja, gundi ya unga hadi kwenye nyusi, wakigombania nani awe mlinzi, naye akizunguka katikati yao akiwauliza, haya wajenzi, adui akibisha hodi mtafanyaje, hadi mmoja akamjibu, tutamwambia mwalimu hayupo.

Mwezi Juni 2023, daraja lao la maboksi, lililowekwa juu ya mtaro wa mbele ya darasa, lililowa likazama, watoto wakaangua kilio, na marehemu akachukua bisibisi, akang'oa mlango wa darasa kwenye bawaba, akaufunga kamba mbili uwe daraja la ngome, na watoto wote thelathini na mmoja wakauinua, wakaushusha, wakavuka, wakajua uzito ni nini kwa mabega yao wenyewe. Hakuomba ruhusa, na mlango ulipasuka, alikosea, alikiri mwenyewe ofisini, familia haifichi, lakini barua ya onyo ya tarehe 19 Juni haikusema mlango, ilisema aliwahatarisha watoto kwa uzembe, wakati hakuna aliyechubuka hata ukucha, na wazazi mko hapa mnajua, kisha akatolewa darasani akawekwa stoo kuhesabu vitabu, mtu asiyejua hata kukaa.

Presha ilianza Septemba mwaka huo, figo zikafuata, akalazwa mara tatu, na hata kitandani alimwambia muuguzi, mwanangu, hayo maboksi ya glavu usiyatupe, lakini kila tulipoingia alituuliza jambo moja tu, ile barua wameiondoa, nasi tulipomjibu bado, dada, aligeukia ukutani. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa wodi, ambao hawakuwahi kutudanganya, majirani waliobeba maji na viti tangu siku ya kwanza, na walimu wenzake waliokuja kumwona, hata mliokuja kwa kujificha, tuliwaona, asanteni.

Dada, umehangaika vya kutosha, sasa pumzika kwa amani, haya mengine tuachie sisi.

Mwalimu mkuu, barua ile ifutwe kwa maandishi, isomwe mbele ya wazazi, na nakala tuipate kabla ya Ijumaa.