Msumari kwenye Bomba la Breki

Kila dereva alipokanyaga breki, Landrova kuukuu la Mzee Vitalis lilivuta kulia. Nailantei, aliyepandia Kisanga na vibuyu vyake vya maziwa, akamwamkia mwenye gari shikamoo, kisha akauliza kulikoni.

"Breki ya mbele kushoto inavuja. Nimeziba bomba lake kwa msumari. Magurudumu matatu yanatosha."

"Na ng'ombe akivunjika mguu, mzee, unamswaga mnadani kwa mitatu iliyobaki?"

"Mama, chunga ng'ombe. Siku hizi biashara ya abiria ni ruksa."

Hata kutuua ni ruksa, nikawaza, nimebanwa kati ya abiria wenzangu.

Mikumi, kwenye barabara kuu, dereva akakanyaga breki. Tukatupwa kulia, mbele ya lori lililofunga breki mpaka matairi yakafuka moshi.

"Si gari langu limesimama?" akatamba Vitalis.

Nailantei akaokota vibuyu vyake. "Lililosimama ni lori, mzee."