Cherehani ya Chumba cha Mbele

Zimeni hiyo redio, wanangu, mnisikilize, na wewe Shemasi kaa chini, maana ukisimama hivyo naona kama umekuja kusoma mita ya maji. Daktari ameshasema mishipa yangu haipokei tena sindano za mashine ya kusafisha damu, na ingawa aliizungusha habari hiyo kama wakili asiyetaka kesi iishe, nilimwelewa. Nimezeeka mahakamani nikichapa maneno ya watu, wosia zikiwemo, tena zenye mihuri kila pembe, na nimewaona ndugu wa tumbo moja wakigombea kabati bovu mbele ya hakimu anayesinzia; kwa hiyo wa kwangu nausema kwa mdomo, nyote wawili mkiwa hapa.

Nimesikia mnayosemezana ukumbini. Mnadhani figo zikifa na masikio yanakufa. Shemasi, mwanangu wa kwanza, umemwambia mdogo wako, huyu Kitinda, akusanye vitu vyake ahame, kwa sababu haingii tena kanisani, na kwamba mimi siponi kwa kuwa ndani ya nyumba hii kuna mtu asiyeamini. Hilo ndilo lililoniinua kwenye mto leo. Mengine ni masufuria na shuka, mtagawana hata mkiwa mmenuna.

Sasa nisikilize vizuri, wewe uliyesomea maombi. Baba yenu, fundi bomba aliyeziba mabomba ya mtaa mzima na la kwetu likavuja mpaka leo, alipofariki nilikwenda kuandikisha kifo chake, karani akaniambia mwenye jambo aje mwenyewe. Nikamjibu nitamfikishia ujumbe. Kadi yangu ya hospitali nayo imegongwa muhuri wa mgonjwa wa muda tangu siku ya kwanza, na kila mwaka huniuliza dirishani kama ugonjwa bado upo, nami huwajibu kwamba umenisindikiza mpaka mlangoni. Nimecheka sana katika kuugua huku, msidhani nilikuwa nalia tu.

Lakini nililia. Nilimwomba Mungu figo, hakunipa. Nikamwomba amwache kaka yenu wa katikati, Mwalimu wetu, aliyeanguka darasani chaki ikiwa mkononi, hakumwacha. Sijui kwa nini, na asije mtu akasimama kwenye mazishi yangu akajifanya anajua. Ninachojua ni kwamba kwenye kile kiti cha hospitali, damu yangu ikizunguka kwenye mipira mbele ya macho yangu, sikuwa na sala ndefu. Nilisema tu, Yesu, kaa hapa. Akakaa. Hakunieleza lolote, ila sikuwa peke yangu, na hiyo ndiyo imani niliyo nayo, sina nyingine niliyoificha kabatini.

Mnaujua utaratibu wetu wa sala ya jioni: kila mtu kwa zamu, kuanzia mkubwa. Jioni ile tulipotoka makaburini, Shemasi ukamaliza yako, na mimi kwa mazoea ya mdomo nikasema, haya, Mwalimu, zamu yako. Mnakumbuka kimya kilichoingia pale. Kitinda akainuka, akaenda chumba cha mbele kwenye cherehani yake, na tangu jioni ile hajarudi kwenye duara. Wewe ukaita uasi. Mimi niliona mtu aliyeungua akiukwepa moto.

Wewe unasali kwa sauti kubwa, baba, na najua ni kwa nini; nawe unakiogopa kimya kile. Ila ndiyo maana huwezi kusikia ninachosikia mimi niliyelala. Mkianza wimbo, cherehani ya chumba cha mbele inanyamaza. Inanyamaza mpaka amina ya mwisho, kisha inaanza tena. Hata jioni moja wazazi walipokuwa mlangoni wakilalamikia sare za watoto wao zisizokwisha kushonwa, ilinyamaza. Sijamuuliza anafanya nini katika kimya hicho, nawe usimuulize, hayo si ya ushemasi. Siku moja akinifunga bandeji aliniambia, “Mama, sina la kumwambia Mungu, na sitaki kumdanganya.” Nikamwambia kuna wanaosali miaka yote bila kufikia hapo.

Na mikono hiyo iliyonifunga bandeji, iliyonipandisha na kunishusha kwenye gari la hospitali, unataka kuitoa nje ili mimi nipone?

Basi nasema. Nyumba ni yenu wote wawili, na asiwepo wa kumhamisha mwenzake. Chumba cha mbele na cherehani ni vya Kitinda. Hati ya nyumba iko mahakamani, msishangae wakiwaambia mimi nije mwenyewe. Jeneza liwe la mbao za kawaida, na mahubiri yawe mafupi, Shemasi, watu watakuwa wamesimama juani.

Nawe Kitinda, toka hapo mlangoni, njoo karibu. Kaka yako ana mdomo mkali, lakini ndiye aliyemvalisha Mwalimu viatu vya mwisho, na hajamwambia mtu yeyote jinsi ilivyokuwa. Mvumilie. Usiseme sala usiyo nayo. Usiondoke tu.

Nipeni maji... kidogo, yanatosha.

Mungu aliyekaa nami akae nanyi, mkisema na msiposema. Watoto mtakaowazaa wasirithi ugomvi huu. Awape... awape subira ya kungojana.

Jua linashuka, ni wakati wa sala. Leo asiitwe mtu aje ukumbini. Sisi ndio tutakwenda chumba cha mbele, tusali kando ya cherehani, na zamu ya Kitinda ikifika, tungoje kadiri atakavyo, hata asiposema neno... hiyo nayo ni zamu.

Siwezi kutembea. Nibebeni na godoro hili. Shemasi, shika huku kichwani. Kitinda, miguuni. Hapana, mmoja hawezi peke yake... msivutane. Tazamaneni kwanza. Haya, wanangu... inueni pamoja.