Mzee Wesley Gisiri, Aliyenaswa Korongoni Lambwe

Mzee Wesley Gisiri, tunayemrudisha udongoni leo, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1966 karibu na Kehancha, kitinda mimba wa Mzee Nyamongo na Mama Nyatichi. Alisomea huko huko nyumbani hadi kidato cha nne, akamaliza mwaka wa 1985.

Mwaka wa 1988 aliajiriwa kuwa askari wa wanyamapori, akapelekwa Bonde la Lambwe, Homa Bay. Mnamo Agosti 2011, yeye na mwenzake Otieno walitumwa kumfuata nyati aliyejeruhi mchunga ng'ombe. Otieno aliteleza, akavunjika mguu korongoni. Gisiri alipomshukia, nyati akaziba njia ya kutokea. Nyuma yao palikuwa na mwamba mtupu.

Gisiri alilala chini alenge, lakini ile miguu miwili ya kuegemezea bunduki ilikuwa mifupi. Hakuona ila nyasi. Akairefusha yote, akaketi. Kwa ule mteremko, bunduki ikalala upande.

"Piga, ndugu yangu, anakuja!" Otieno alilia.

"Nikikosa tumekwisha. Ngoja."

Aliufupisha mguu wa bunduki wa upande wa juu, na ule wa chini akauongezea kijiti kwa kamba ya kiatu. Bunduki ikatulia. Nyati alipoinamisha kichwa, akafyatua, akamwangusha.

Baadaye aliwaambia askari wapya, "Usichague urefu wa miguu ya bunduki ukiwa kambini. Kilima ndicho kitakachokuambia."

Mwaka wa 1993 alikuwa amemwoa Priscilla wa Rodi Kopany kanisani. Siku ya posa alizungumza Kiswahili cha kambini, cha kutoa amri, wakwe wakadhani amekuja kumkamata mtu.

Desemba 2022 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa. Mtu aliyezoea kushinda milimani sasa hakuweza hata kujigeuza. Aliomba dirisha lifungwe, maana kusikia watu wakipita njiani kulimuuma.

"Priscilla, nimenaswa," alisema.

"Basi tumenaswa wote. Siendi popote," mkewe akamjibu.

Alifariki tarehe 3 Mei 2025 hospitalini mjini Migori, Priscilla akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane wake Priscilla, watoto Liz na Marwa, dada yake Bathsheba, wajukuu, na Otieno, ambaye asubuhi hii aliletewa kiti akakikataa, akalibeba jeneza akichechemea.

Pumzika kwa amani, Gisiri. Sasa hakuna kinachokuzuia.