Marehemu Neji Souissi na Kreti Lililonuka

Marehemu Neji Souissi alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 hapa kisiwani Kerkennah, mtoto wa tatu wa Mzee Hamda na Bi Mahbouba. Alisoma shule ya kijiji cha Remla hadi mwaka 1964, baba yake alipomtoa shule akavue pweza.

Kazi hiyo aliifanya miaka hamsini na mitano. Alizamisha vyungu baharini, pweza akaingia kujificha, naye akamtoa kwa chumvi kidogo na subira. "Toka, mpangaji," alikuwa akimwambia, "mwenye nyumba kaja!" Sisi wengine tulimwaga klorini ya kufulia chunguni ili pweza atoke mbio. Inatia kinyaa kuisema mbele ya jeneza, lakini ndicho tulichowalisha watu.

Mwaka 1978 alimwoa Bi Jannet, aliyemkubali kwa sharti kwamba harufu ya pweza iishie mlangoni. Sharti hilo lilimshinda.

Miaka yote pweza wetu alipitia kwa matajiri wa mjini Sfax, ng'ambo ya bahari, akafika Ulaya kwa jina la wengine. Ami Neji aliandika barua tisa hadi akampata mnunuzi wa Italia aliyekuwa tayari kununua moja kwa moja kisiwani, kwa jina la Kerkennah, ikiwa shehena ya kwanza ingekuwa safi. Mnunuzi alifika bandarini tarehe 12 Machi 2019. Kreti la kwanza kufunguliwa lilitoka kwenye mashua ya ami. Lilinuka klorini.

"Nani kafanya hivi?" mnunuzi akauliza.

"Mashua ni yangu," ami akajibu.

Mnunuzi alipanda kivuko cha mchana na hakurudi. Wenye mashua, kila mmoja na dumu lake la klorini chini ya kiti, wakamgeukia ami. "Umetuulia watoto, mzee mchafu wewe!" Miaka minne hamkuitikia salamu yake. Leo mmekuja na nguo zilizopigwa pasi, mnajifuta macho. Mnanichefua.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwaka 2022, akatibiwa Sfax, na kufariki nyumbani tarehe 4 Novemba 2023. Siku mbili kabla, nilimwambia nitawaeleza ukweli.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Mwakani unaoa. Nani atampa binti yake mvuvi wa klorini?"

Nikamalizia supu aliyoshindwa kuinywa. Ukweli wenyewe ni huu: mkesha wa ujio wa mnunuzi, mwaka ule wa 2019, ami alikuwa kitandani na homa. Vyungu nilivivuta mimi, nikaona uvivu kungoja, nikamwaga klorini. Sijawahi kujichukia kama ninavyojichukia leo.

Marehemu ameacha mjane, Bi Jannet, watoto wawili, Emna na Slah, wajukuu watano, na mimi Fethi, mtoto wa kaka yake, niliyelelewa naye tangu nikiwa na miaka sita.

Mwenyezi Mungu amrehemu, amlaze mahali pema. Na mnaotaka kutema mate, mimi nimesimama hapa.