Bibi wa Maneno Kumi na Tisa

"Bibi, mbona lugha yako ina maneno kumi na tisa tu?" Mjukuu wake wa mwisho alimuuliza hivyo mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka minane, walipokuwa wakikunja mashuka. Marehemu alimwambia ashike pembe zake vizuri, na shuka likakunjwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1951, mtoto wa tatu kati ya watano wa mpiga chapa na mkunga. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na karakana ya baba upande wa mbele. Humo ndimo alimojifunza kusoma, kwenye herufi za risasi za kuchapia, ambazo husomwa kinyumenyume. Mwalimu wa darasa la kwanza alipolalamika, baba yake alijibu kwamba mtoto anasoma, mambo ya upande yatafuata.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, na sekondari hadi 1968, kisha mwaka mmoja wa kupiga taipu. Juni 1970 aliajiriwa na mamlaka ya maji. Mwaka 1977 ilipofika kompyuta ya kwanza, kubwa kama makabati mawili, mkuu wa ofisi aliuliza nani anaweza kupiga taipu bila kuangalia vidole. Walinyoosha mikono wawili. Mmoja alikuwa mwongo. Marehemu akapelekwa mafunzoni miezi tisa.

Tarehe 14 Aprili 1979 alifunga ndoa na fundi seremala aliyeitwa ofisini kutengeneza droo moja. Fundi huyo alirudi mara nne.

"Hiyo droo ina ugonjwa gani?" mkuu aliuliza.

"Imeshapona, mkuu. Sasa mgonjwa ni mimi."

Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Mwaka 1986 marehemu alitunga lugha ndogo ya kompyuta kwa ajili ya wahudumu wa vituo vya pampu, ili kila mmoja aandikie mashine yake maagizo bila kungoja mtaalamu kutoka makao makuu. Ilikuwa na maneno kumi na tisa yaliyohifadhiwa, kama vile pima, fungua, funga na rudia. Neno lililohifadhiwa mashine hulichukua kuwa ni amri, kwa hiyo mtu haruhusiwi kulifanya jina la kitu chake. Maneno mengine yote wahudumu walikuwa huru kuyatumia wapendavyo, na waliyatumia kweli. Tanki moja liliitwa Shemeji kwa sababu halikuwahi kujaa.

Agosti 1991 aliongeza neno la ishirini, usiku, ili pampu ziweze kuamriwa kufanya kazi saa za usiku. Aliuliza makao makuu kama kuna anayelitumia, akaambiwa hakuna. Vituoni hakuuliza. Kumbe kituo cha sita, mhudumu aliyejulikana kama Mrefu alikuwa ameliweka kwenye programu yake tangu mwanzo, kuwa jina la kiasi cha maji ya kubakiza tankini mpaka asubuhi. Toleo jipya lilipofika, programu yake ikagoma kuanza. Nyumba mia mbili na kumi na zahanati moja zikakaa siku mbili bila maji. Barua ya kumwachisha kazi Mrefu, kwa kosa la kuharibu programu, ilikuwa imeshapigwa taipu ikingoja saini.

Marehemu alipanda basi akaenda. Mrefu alimwonyesha skrini, palipoandikwa: neno hili limehifadhiwa.

"Limehifadhiwa na nani, mama? Mwaka wa tano huu niko nalo."

"Limehifadhiwa na mimi," marehemu akasema.

Aliporudi, mkuu hakuona shida iko wapi. "Si abadilishe hilo jina tu? Kazi ya dakika tano."

"Dakika tano zake, mkuu. Na wengine je? Kuna waliokwisha kustaafu, na programu zao bado zinasukuma maji."

"Ukiandika kwamba kosa ni lako, ukuu wa idara usahau."

Aliandika. Nakala ya barua hiyo ipo nyumbani, mistari minne. Mrefu alibaki kazini. Ukuu wa idara ulikwenda kwa mtu mwingine, na marehemu alistaafu mwaka 2011 akiwa bado naibu.

Neno usiku liliondolewa. Mume wake alimtengenezea kabati lenye visanduku arobaini na kimoja, kila kituo na chake, na ndani ya kila kimoja nakala ya programu ya kituo hicho. Tangu hapo hakuna badiliko lililotoka kabla hajaziendesha zote, moja baada ya nyingine.

"Mama, leo tena unawaamkia wazee?" vijana wa ofisini walimtania.

"Wazee wanaitika. Nyinyi nikiwaita mnajifanya mna kazi."

Jambo jipya lilipohitajika, aliunganisha maneno mawili ya zamani kwa namna ambayo awali mashine ingeikataa. Kwa kuwa ingekataliwa, hapakuwa na programu ya zamani iliyokuwa nayo, na hakuna aliyeguswa.

Mume wake alitangulia mbele ya haki mwaka 2014. Moyo ulianza kumsumbua marehemu Mei 2022. Alilazwa mara tatu, mara ya mwisho wodi ya nne, kitanda cha dirishani, na huko alifariki dunia tarehe 11 Novemba 2024, saa nne asubuhi. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na vituo thelathini na vitatu ambavyo bado vinaendeshwa na programu za wahudumu wenyewe, cha sita kikiwemo. Mwenyezi Mungu ampokee na kumpa pumziko jema.

Siku tisa kabla ya kufariki, mjukuu wake yule wa mwisho alikuwa akimsomea habari za lugha nyingine za kompyuta, zenye maneno yaliyohifadhiwa hamsini, hata sitini. Marehemu alisikiliza, akaomba maji, akanywa. Kisha akasema lile swali la siku ya mashuka analikumbuka.

"Nilichukua kumi na tisa kabla watu hawajaingia," alisema. "Hayo mengine, mjukuu wangu, yalikuwa yameshapata wenyewe."