Fomu ya Mwanafunzi wa Sita

Basi lilipoondoka, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa anajaza fomu ya tano kati ya sita, mkoba wake ukiwa ndio meza. Jirani yake, mzee mwenye bahasha kubwa ya picha za eksirei, alichungulia bila kujificha.

"Mwalimu, eh?"

"Muuza vitambaa, baba. Ila kila Alhamisi chuo cha udaktari huniita niigize mgonjwa. Wanafunzi wanajifunza kutoa habari mbaya. Leo nimeambiwa nina saratani mara tano."

"Pole sana, mama."

"Asante. Umeisema vizuri kuliko wawili wao."

Fomu ya sita ilikuwa tupu. Mama alieleza kwamba kijana wa sita hakutamka neno. Alifunga mlango, akavuta kiti karibu, akakaa akimtazama mpaka kengele ikalia. Fomu nayo inauliza: Alieleza ugonjwa? Alitoa pole? Asipopata alama hizo, anarudia mwaka.

"Mwangushe," mzee alisema. "Daktari bubu wa nini?"

"Wale watano walisema yote, tena kwa mpangilio. Huyu ndiye pekee aliyenifanya nisahau kwamba naigiza."

"Hiyo nayo ni sifa?"

Mama alishika kalamu, akaifunga, akairudisha fomu mkobani. Inatakiwa kesho asubuhi.

Basi liliposimama mbele ya hospitali, mzee aliinuka. Bahasha yake, niliona, ilikuwa haijafunguliwa. Alifika mlangoni, akageuka.

"Huyo bubu," aliuliza, "huwa wodini siku gani?"