Mzee Micah na Jogoo wa Keringet

Tarehe 31 Oktoba 2025, Mzee Micah Rotich anastaafu baada ya miaka thelathini katika kampuni yetu ya bima ya mazao. Alianza kama karani wa madai hapa Nakuru, na hakuwahi kumjibu mkulima kabla ya kuliona shamba lake kwa macho. Alizoea kutuambia kwamba hasara ya mtu huendewa, haisomwi kwenye fomu.

Mwaka 2020 ofisi ilifungwa, kila mmoja akabeba kompyuta kwake. Mzee aliweka meza yake Keringet, karibu na dirisha, maana ndipo mtandao ulipopatikana. Nje ya dirisha hilo alikaa jogoo wake. Kwa miaka mitano jogoo huyo hakukosa mkutano wa video, kuwika kwake tulikusikia sote, wakati wengine wetu (Karanja anajijua) walikuwa wakiingia kisha wanarudi kulala.

Februari mwaka huu jogoo alinyamaza. Mimi ndiye niliyeongoza mkutano wa Jumatatu. Mzee alikuwa amezima kamera, kama wengi wetu, na ameinua ile alama ya mkono ya kuomba kusema. Nikamtania, "Mzee, jogoo umemla bila kutuita?" Akajibu, "Wageni walikuwa wengi, Wangare." Tukacheka sana. Muda ukaisha, nikamwahidi tutamsikiliza wiki ijayo. Wiki iliyofuata nilisahau.

Mwezi huu Natalie, anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi, alikuwa akimjazia fomu za kustaafu. Alipofika kwenye jina la mke, Mzee akamwambia aandike marehemu. Mkewe, Chelagat, alizikwa Ijumaa iliyotangulia mkutano wangu, na jogoo alichinjiwa waombolezaji. Kutoka kazini hakwenda mazishini hata mmoja wetu, wala hatukutoa pole. Ripoti zake zilifika kwa wakati, tukadhani yuko sawa. Naona aibu kuyaandika haya, lakini kumsifu na kuyaficha ni uongo.

Tulikuwa tumepanga kumuaga kwa video. Tumeufuta mpango huo. Jumamosi, tarehe mosi Novemba, sote tunakuja Keringet na sukari, majani chai na jogoo.

Asante, Mzee, kwa miaka yote hiyo. Mungu akupe ustaafu wenye amani na afya. Hasara yako tunaiendea sasa, tukiwa tumechelewa miezi minane. Mkono wako niliuona siku ile. Jumamosi utaanza wewe kusema, na hakuna atakayeangalia saa.